Matundu ya jukwaa

Watu wote walioingia pamoja nasi walipanda moja kwa moja hadi ngazi za juu, simu mkononi, kuutafuta mlima. Baba hakupanda. Aliusogelea ukuta wa matofali ulio upande wa jukwaa, akavua miwani akaitia mfukoni mwa shati, kisha akatandaza kiganja juu ya tofali moja kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Alikaa hivyo kitambo. Halafu akapima unene wake kwa vidole: wanda mbili.

"Jembamba," akasema. "Lakini limeiva."

Baba yangu ni fundi mwashi. Kwa zaidi ya miaka 40 amejenga nyumba, misikiti, visima na shule kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi, na wakati wa ukarabati wa Kilwa Kisiwani alikuwa miongoni mwa mafundi waliovuka kwa mashua kila alfajiri kwenda kushika chokaa kwenye kuta za wazee wetu. Mimi naishi Catania, kisiwani Sisilia, mwaka wa tisa sasa, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Alipokuja mwezi Mei kumwona mjukuu wake, nilijua pa kumpeleka kabla hajatua. Nilitaka aione Taormina na ukumbi wake wa kale wa maigizo, ule ambao picha zake zimebandikwa kila kituo cha basi huku. Nilidhani nampeleka kuona mandhari.

Tulitoka Catania kwa treni ya asubuhi, ile inayofuata pwani kuelekea Messina. Kulia bahari, kushoto Etna, na katikati bustani za malimau zilizozungushiwa kuta za mawe meusi yaliyotoka tumboni mwa mlima huohuo. Kituo cha Taormina-Giardini kiko chini kabisa, karibu na maji. Mji wenyewe uko juu, begani mwa mlima Tauro, kama mita 200 kutoka usawa wa bahari, na basi linaupanda kwa kona moja baada ya nyingine hadi masikio yanaziba. Baba alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, macho yakiwa nje, kwenye kuta zinazozuia mlima usiporomokee barabarani. Alizihesabu. Kila ukuta wa mawe makavu uliojengwa vizuri aliupa neno: "Haya." Ule uliotuna tumbo hakuusemea.

Juu tulitembea polepole kwa sababu ya magoti yake. Barabara kuu, Corso Umberto, inaanzia lango la Messina na kuishia lango la Catania, na katikati yake kuna uwanja wa Piazza IX Aprile, ambako upande mmoja hakuna nyumba, ni uzio wa chuma tu na chini yake bahari ya Ionia. Watu hukaa hapo kama sisi tunavyokaa barazani. Ukitazama kusini unaona ghuba ya Naxos ikipinda, na juu yake Etna, zaidi ya mita 3,300, moshi ukitoka taratibu kama wa jiko lililoachwa lijizimie.

Baba aliegemea uzio, akatazama chini, akatazama juu kwenye ngome iliyo kileleni, na juu zaidi kwenye kijiji cha Castelmola kilichoning'inia mwambani. Akauliza swali ambalo sijawahi kusikia mgeni akiliuliza pale.

"Waliogopa nini hawa, hata wakapanda huku?"

Ndilo swali la mji wenyewe. Wagiriki wa kwanza kuhamia Sisilia hawakujenga juu. Mwaka 734 KK walijenga chini pale, Naxos, kwenye ulimi wa ardhi unaoingia baharini, mahali pazuri pa kutia nanga. Mwaka 403 KK Dionysius, mtawala wa Siracusa, akaubomoa mji wao na kuwauza watu wake. Waliosalia walitangatanga zaidi ya kizazi kizima. Mwaka 358 KK mtu mmoja aitwaye Andromachus akawakusanya, wao na watoto wao, akawapandisha mlimani. Ndiyo Tauromenion, ndiyo Taormina ya leo.

"Nilijua," Baba akasema. "Mtu hapandishi mawe mlimani kwa kufuata upepo."

Tulikunywa granita ya lozi, barafu iliyosagwa laini, nyeupe kama tui. Baba aliionja, akasema ni barafu zile tulizokuwa tukinunua kwa jirani zikiwa kwenye vifuko vya nailoni, ila hii imepata maziwa ya lozi. Pembeni yetu mzee mmoja wa Kisisilia alikuwa na glasi ya mvinyo wa zibibbo, nikamwambia Baba jina lile ni letu pia: ni zabibu. Waarabu waliutawala mji huu. Tarehe 1 Agosti 902, Ibrahim wa Pili, amiri wa Kiaghlabi aliyetawala kutoka upande wa Tunisia, aliuteka baada ya vita vikali, na wengi wa wenyeji wakachinjwa. Mwaka 962 mji ukatekwa tena, safari hii na jeshi la Wafatimi, ukaitwa al-Mu'izziyya kwa jina la khalifa al-Mu'izz. Mwaka 1079 Wanormani wakauchukua. Baba alisikiliza hadi mwisho, akasema "Inna lillahi" kwa waliochinjwa, bila kuuliza walikuwa dini gani.

Lakini maneno hayakuondoka na majeshi. Watu wa huku wana jina jingine la Etna, Mongibello: nusu ya kwanza ni mlima kwa Kilatini, nusu ya pili ni mlima kwa Kiarabu, jabal, jabali letu. Upepo wa joto utokao kusini-mashariki wanauita sciroccu, na ndani yake mna mashariki ileile tunayoelekezea mkono nyumbani. Na liko moja sitalisahau. Mwaka wangu wa kwanza nilimhudumia bibi mmoja wa miaka 90 aliyezungumza Kisisilia kitupu. Siku moja alinishika mkono, akawa anasema habari ya nguo zake zilizokunjwa kabatini, na katikati ya maneno nisiyoyaelewa nikasikia "tabbutu". Nikaelewa yote. Alikuwa ananionyesha nguo za kuvishwa siku ya jeneza. Tabuti. Sikuhitaji kamusi siku ile.

Adhuhuri Baba alisali kwenye bustani ya mji, chini ya mti wa mzeituni, juu ya kanga yangu. Kisha tukapanda kwenye ukumbi.

Kwa hiyo alipousogelea ule ukuta badala ya kupanda juu, nilimwacha. Nilikuwa nimekwisha kufika pale mara tatu kabla ya siku hiyo. Mara zote tatu nilipanda, nikapiga picha, nikashuka. Sikuwahi kuugusa ukuta.

Ukumbi ni nusu duara iliyochimbwa mlimani, kipenyo chake kama mita 109. Kwa Sisilia nzima unashindwa na wa Siracusa peke yake. Viti vya watazamaji ni ngazi zinazopanda zikizunguka, zimegawanywa na njia za kupitia kuwa vipande tisa, kama mkate wa kumimina uliokatwa ukiwa bado kwenye sinia. Ulianzishwa na Wagiriki, karne ya 3 KK, na karibu miaka 400 baadaye Warumi wakaujenga upya kwa matofali. Kila kibao cha maelezo kinakuambia hivyo. Baba hasomi Kiitalia wala Kiingereza, naye aliyapata hayohayo kwa kidole.

"Hapa kuna watu wa aina mbili," akasema. "Mmoja alichonga. Alipopata mwamba aliukata mwamba wenyewe ukawa kiti, mlima ndio msingi wake, hakuhitaji kuchimba. Mwingine alikuja baadaye na tanuru. Huyu alikuwa na haraka, na alikuwa na watu wengi."

Nikamuuliza haraka ameiona wapi.

Akanionyesha mahali ambapo ukuta umemeguka na tumbo lake liko wazi. Nje, matofali mazuri yaliyopangwa kozi kwa kozi, mistari imenyooka. Ndani, mawe ya kila umbo, makubwa na madogo, yamemwagiwa chokaa na kushindiliwa. "Nje umbo, ndani zege," akasema. "Tofali hapa ni ukuta na pia ni ubao wa kumwagia zege. Unapandisha nje mbili, unajaza katikati, unapandisha tena. Kazi hii haihitaji mafundi wote wawe mafundi. Unahitaji mafundi kumi wa kupanga na watu mia wa kubeba."

Huu ndio ujenzi wa Kirumi hasa, ule uliowawezesha kujenga kutoka Uingereza hadi Shamu. Walijua kuchoma chokaa, na walijua pia kuichanganya na majivu ya volkano ili ishike hata penye maji. Baba aliisugua kidogo ile chokaa kwa ukucha. Nyumbani tunachoma matumbawe: yanapangwa juu ya magogo, moto unalala nao hadi yageuke unga, kisha chokaa inalazwa shimoni ipoe na kuiva. Nimekua na harufu ile kwenye nguo zake. Mlinzi mmoja wa ukumbi alitutazama, mwanamke wa makamo, nikamwambia huyu ni fundi wa kuta za zamani kutoka Tanzania. Alimtazama mikono, akatikisa kichwa kwa heshima, akatuomba tu tusiukwangue ukuta. Baba akaweka mikono nyuma, akamwomba radhi kwa Kiswahili. Walielewana.

Warumi hawakubadili vifaa tu. Chini kabisa, mbele ya jukwaa, palikuwa na uwanja wa duara ambapo kikundi cha waimbaji wa Kigiriki kilisimama na kucheza. Warumi waliziondoa ngazi za chini ili kuupanua uwanja huo, wakauzungushia ukuta wa kuwakinga watazamaji, kwa sababu maneno hayakuwa yakiwatosha tena. Walitaka mapigano: watu kwa watu, watu na wanyama. Penye kwaya pakawa pa damu. Kila nikisimama pale huwa nawafikiria waliosukumwa kuingia kupitia chini ya jukwaa, wakatokea kwenye mwanga wa jua na kusikia kelele ya watu ikishuka kutoka pande zote.

Kisha kuna ukuta wa jukwaa, huo ambao dunia nzima inaujua. Ulikuwa wa ghorofa, wenye nguzo za marumaru mbele na vishubaka vya kuwekea sanamu. Nguzo chache zilizosimama leo zilisimamishwa tena karne ya 19. Katikati, ukuta umeanguka, pamebaki pengo pana, na ndani ya pengo hilo umekaa Mlima Etna na ghuba yote ya Naxos. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alikaa kwenye ngazi za juu mwezi Mei 1787, akaandika kwamba huenda hapajapata kuwa na watazamaji wengine waliowekewa mbele yao kitu kama kile. Watu wamekuwa wakilirudia hilo tangu wakati huo.

Baba alirudi nyuma hatua kumi, akaukadiria ukuta kwa macho: upana wa chini, unene, mabaki ya ghorofa.

"Huu ukuta ulipokuwa mzima," akasema, "huo mlima hauonekani."

Nikasimama kimya. Ni kweli. Warumi walioketi pale walitazama marumaru, sanamu na nguzo. Bahari na moshi wa Etna vilikuwa nyuma ya ukuta, vimezibwa. Mandhari ambayo watu wanasafiri nusu ya dunia kuiona ni tundu lililobaki baada ya jengo kufa. Sijui kwa nini iliniumiza kidogo kuambiwa. Labda kwa sababu nilikuwa nimeipenda picha ile miaka yote bila kuuona ukuta uliokosekana.

"Na yale matundu unayaona?" akauliza.

Kwenye uso wa matofali kulikuwa na vitundu vidogo vya mraba, vimekaa kwa mstari, kisha juu yake mstari mwingine. Nilikuwa nimevichukulia kuwa uharibifu.

"Matundu ya jukwaa," akasema.

Kwa sekunde chache sikumwelewa, kwa sababu jukwaa lilikuwa mbele yetu na mimi nilikuwa nawaza waigizaji. Yeye alikuwa anazungumzia jukwaa la fundi: miti inayopigwa ukutani, mbao zinawekwa juu yake, fundi anasimama anajenga, akimaliza anapandisha jukwaa lingine juu. Ukishuka unaing'oa miti, tundu linabaki, kisha unaliziba na kupiga lipu. Warumi walizificha kuta hizi kwa lipu na marumaru. Lipu na marumaru vimeondoka, matundu yamerudi. Neno ni lilelile kwa watu wote wawili, anayesimama kutazamwa na anayesimama kujenga, na nimezaliwa nalo, nimelitumia maisha yangu yote, na sikuwahi kuyaona majukwaa hayo mawili yakiwa mahali pamoja.

Baba alikuwa anahesabu mistari ya matundu kutoka chini. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Hapa alisimama mtu," akawa anasema kwa kila mstari, akionyesha kwa kidevu. "Hapa alisimama mtu. Hapa."

Tukapanda hatimaye, taratibu, tukipumzika kila njia ya katikati. Kwenye ngazi za ukumbi huu limekutwa jina limechongwa: Philistis, mke wa Hieron wa Pili, mfalme wa Siracusa. Malkia alikuwa na mahali pake pa kukaa. Nilimweleza Baba, naye akauliza, kama nilivyotarajia, kama kuna jina lolote la aliyechonga. Ndipo nikamsimulia habari ambayo niliisoma nikiwa na miaka miwili tu huku, na ambayo tangu hapo siwezi kuitenganisha na mji huu.

Sisilia ilikuwa ghala la ngano la Roma. Waliolima ngano hiyo walikuwa watu waliotekwa na kununuliwa, wengi wao kutoka Shamu na nchi za mashariki, wakipigwa chapa za moto mwilini, wakinyimwa chakula na nguo. Mwaka 135 KK waliasi. Uasi ulianzia Enna, katikati ya kisiwa, na kiongozi wao alikuwa Eunus, mtumwa mzaliwa wa Apamea, waliyemtawaza kuwa mfalme. Waliteka mji baada ya mji. Tauromenion ulikuwa mmojawapo. Anayesimulia ni Diodorus, mwanahistoria aliyezaliwa kisiwani humuhumu karne iliyofuata, mtu ambaye hakuwa upande wao, lakini aliandika.

Na ameandika jambo moja linalonisisimua mwili kila nikilikumbuka. Eunus alipouzingira mji mmoja, aliwaweka watu wake mahali ambapo mishale haifiki, kisha akawaonyesha waliokuwa ndani ya mji maigizo. Watumwa waliigiza wenyewe. Waliigiza jinsi kila mmoja alivyomwasi bwana wake, wakakitaja kiburi cha mabwana na ukatili uliowaponza. Pale nje, bila ngazi za mawe, bila marumaru, bila vishubaka vya sanamu. Watu ambao kazi yao kwenye ukumbi kama huu ilikuwa kubeba mawe, na baadaye kufa uwanjani ili wengine wafurahi, walisimama wakawa watu wa kusema, na mabwana juu ya kuta ndio wakawa watazamaji.

Mwaka 132 KK Publius Rupilius, konsuli, yaani kiongozi mkuu wa Roma, aliuzingira Tauromenion. Njaa iliwashika waasi hadi, asema Diodorus, walikula watoto, kisha wanawake, kisha wao kwa wao. Mwishowe mmoja wao, Sarapion, akaisaliti ngome. Waliokamatwa wakateswa, halafu wakatupwa gengeni.

Kutoka pale tulipoketi unaliona genge kila upande.

Baba hakusema kitu kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa unapanda kutoka baharini. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa amenidokezea mara moja tu maishani, usiku wa msiba wa babu, nikiwa mdogo. Kwamba bibi yake, yaani mama mzazi wa babu yangu, "alitoka bara". Kwetu pwani hilo ni neno la kufunika. Ukisema mtu alitoka bara, wenye kujua wananyamaza. Kilwa Kivinje ndiyo bandari ambako misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia karne ya 19, na si wote walioletwa walipakiwa majahazini. Wengine walibaki, wakalima, wakajenga, wakazaa. Bibi yule aliletwa akiwa mtoto. Hakuna aliyejua jina alilopewa na mama yake.

"Alikuwa anabeba mawe ya chokaa," Baba akasema. "Kazi ya kwanza aliyopewa. Alimwambia babu yako. Mawe kutoka ufukweni mpaka tanuruni, kichwani."

Hayo mengine sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa najua ufundi wa Baba ulitoka kwa babu. Sikujua ulianzia kichwani mwa mtoto yule, ufukweni.

Alinisimulia tukiwa tumekaa kwenye ngazi za mawe za mji wa kigeni, mbele ya mlima unaofuka moshi, na alinisimulia hadi mwisho, bila kupunguza sauti. Nyumbani kuna Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, juu ya genge lake lenyewe, na bwawa la pembe nane ambalo watoto wa shule wanapelekwa kuliona. Baba ameshika kuta za Kisiwani kwa mikono yake. Mwaka 2014 Kilwa ilipoondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, ambako ilikuwa imewekwa tangu 2004, sehemu ya kazi hiyo ilikuwa jasho lake. Na hata kule, akizungukwa na kuta za watu wake, hakuwahi kuniambia habari ya bibi yake. Huenda ukuta wa nyumbani una masikio ya jirani. Huenda ilihitaji matundu ya jukwaa la watu wengine. Nimeandika haya kwa sababu nataka mwanangu ayakute yameandikwa: aliletwa Kivinje akiwa mtoto, alibeba mawe ya chokaa, na kutoka kwake wametoka mafundi watatu.

Ukumbi huu bado unatumika. Tangu miaka ya 1950 umekuwa na maonyesho ya filamu, na majira ya joto hakukosi muziki. Mei 2017 viongozi wa nchi za G7 walikutana Taormina na kusikiliza muziki humu ndani. Kesho yake wakaungwa mkutanoni na viongozi wa Afrika waliokuwa wamealikwa, Uhuru Kenyatta wa Kenya akiwa mmoja wao. Siku yetu hapakuwa na mkubwa yeyote. Chini palikuwa na vijana sita waliovaa fulana za rangi ya machungwa, wanafunga mabomba ya chuma kwa ajili ya jukwaa la msimu. Walipiga kelele, wakacheka, wakaitana kwa majina ya kila nchi.

Baba aliwatazama. Alikuwa ameshavaa miwani.

"Ule wa kushoto umelala," akasema.

Sikuona kitu. Mabomba yote kwangu yalikuwa yamesimama sawa.

"Umelala kuelekea baharini. Mwambie."

Nikasita, kisha nikashuka, kwa sababu baba akisema umwambie mtu, unamwambia. Kijana aliyekuwa karibu alikuwa Mtunisia; nilipomsalimu aliitikia salamu kabla sijafika mwisho. Nikamweleza kwa Kiitalia kwamba yule mzee kule juu ni fundi, anasema bomba la kushoto halijasimama. Akamtazama Baba, aliyekuwa ameinua mkono mmoja na kuunyoosha wima, kisha akauinamisha kidogo, kidogo sana. Yule kijana akachukua pimamaji, akaiweka kwenye bomba, akachuchumaa kuisoma. Akanyanyuka. Akamwita mwenzake alete spana.

Walilegeza kifungo cha chini, wakasukuma bomba, wakatazama juu. Baba akatikisa kichwa: bado. Wakasukuma tena. Bado. Mara ya tatu aliushusha mkono, na kijana akaweka pimamaji, akaisoma, akakaza kifungo kwa uzito wa mwili wake wote.

Nikapanda kurudi. Baba alinipisha nafasi ngazini. Tulikaa hapo tukiwatazama wakifunga bomba la pili, la tatu na la nne, hadi yule mlinzi wa kike alipopita chini akituonyesha saa yake kwa kidole.